Saisi atalala wapi?

Mhariri, juma hili mmetuuliza kama jamii itafaidika ikijengewa uwanja mkubwa wa mbio za farasi wenye hoteli, kumbi za muziki na maduka. Nilitaka kuwajibu kwa neno moja: hapana. Mimi mzaliwa wa Dagoretti Corner, Nairobi. Uwanja wa farasi wa Ngong Road naujua tangu nikiwa mtoto, na wajenzi wakianza kutaja "jamii", huwa sijioni humo.

Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1954, mbio zilipohamishwa kutoka Kariokor. Ndio mwaka wa Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, maelfu ya Wakikuyu wakisombwa Nairobi na kupelekwa kizuizini. Huku Langata kambi, huku Ngong Road farasi.

Lakini swali lenu limenirudisha kwa baba yangu mdogo. Alikuwa saisi pale, yaani mtunza farasi. Jumapili moja, nikiwa darasa la tano, alinichukua twende wote. Tulitembea gizani, msitu ukiwa kando yetu, yeye kabeba kopo la githeri. Alikuwa akimtunza farasi jike mwekundu, na siku hiyo jike yule alishinda mbio za nne. Mwenye farasi akaenda kupokea kikombe. Baba mdogo akavua tandiko, akaanza kumtembeza.

Farasi aliyetoka mbioni, alinieleza, ukimwacha asimame na joto lake misuli hukaza. Basi tukazunguka. Kila baada ya mizunguko kadhaa alipitisha kiganja kifuani, katikati ya miguu ya mbele, akasema, "Bado." Upande wa pili bendi inapiga, moshi wa nyama choma unatujia puani, na mimi njaa inanikata. Nilimwuliza tutakula saa ngapi. "Huyu kwanza." Mara ya sita au ya saba kiganja kilitoka kikavu. Akamnywesha maji mafunda machache, akaiondoa ndoo, akasubiri, akairudisha. Halafu akaniachia kamba. Sijawahi kukabidhiwa kitu kizito kama kamba ile.

Jua halijazama, farasi wote walikuwa wameshaingizwa bandani. Visubi huanza kuuma magharibi, na ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huweza kumwua mnyama mzima kwa siku chache. Yote hayo baba mdogo aliyajua bila cheti hata kimoja. Githeri tulikula usiku, imepoa, tumeketi kwenye marobota ya nyasi. Alilala palepale, katika chumba kilichopakana na banda, na paa la banda lilikuwa zima kuliko lake.

Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini karo yangu ya sekondari ilitoka humo. Hilo sikulikumbuka nilipoanza kuandika. Nilikumbuka kikombe na aliyekipokea.

Tena farasi hula kila siku, mbio ziwepo zisiwepo. Mwaka 2020 michezo iliposimamishwa kwa sababu ya korona, viwanja vilibaki tupu, lakini farasi hana likizo na anayemlisha hana likizo. Kazi ya namna hiyo si haba kwa kijana wa mtaani kwetu. Mtaniambia kamari. Naichukia, nimeona nyumba zikivunjika. Lakini zamani mtu alipanga foleni dirishani Jumapili anunue tiketi yake; leo kijana anabeti kwenye simu akiwa stejini, saa mbili asubuhi, na hakuna farasi hata mmoja karibu.

Basi wajenge. Ukumbi wa muziki siuombi, na hoteli yao pengine sitaingia. Ila msitu wa Ngong Road usiguswe hata mti mmoja, maana barabara ya Southern Bypass imeshamega sehemu yake. Liwepo lango la mtu anayeshuka matatu nambari 111, si la wenye magari peke yao. Saisi asomeshwe, apewe cheti cha ufundi wake. Na ramani ikiletwa kwenye baraza ya wananchi, mimi nitakwenda, na kabla ya kuangalia jukwaa nitaomba nionyeshwe chumba cha saisi, na paa lake ni la nini.

Msomaji, Dagoretti Corner