Barua ya HOA Texas: faini haiuzi nyumba, ada inaiuza

Ukinunua nyumba kwenye mitaa mipya ya Houston, Dallas au Fort Worth, mara nyingi unakuwa mwanachama wa HOA, chama cha wenye nyumba, utake usitake. Masharti ya mtaa yamesajiliwa kwa karani wa kaunti na yanaifuata ardhi, hata nyumba ibadilishe mikono mara kumi. Yasome kabla ya kusaini. Pia dai cheti cha mauzo: HOA ina siku 10 za kazi kukitoa, na sheria haiiruhusu kutoza zaidi ya dola 375. Humo utaona ada unazopaswa kuilipa HOA, deni alilobakiza muuzaji, na makosa ambayo bodi inayajua. Uzio aliojenga mwenye nyumba wa zamani bila kibali, ukinyamaza, kesho ni kesi yako.

Sasa barua ya faini. Chini ya Sura ya 209 ya sheria za mali za Texas, HOA haiwezi kukurushia faini tu. Lazima kwanza ikuandikie barua ya rejista ikitaja kosa lenyewe, tarehe ya mwisho ya kulirekebisha bila kutozwa, na haki yako ya kuomba kusikilizwa na bodi. Una siku 30 za kuomba, na hapo ndipo wengi wanapoteleza: siku zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu ulipoipokea. Kile kikaratasi cha posta cha kukuita uchukue barua, ulichokibandika kwenye friji ukisema utaenda Jumamosi kinakula siku zako. Tena, kama ulishaonywa kwa kosa kama hilo ndani ya miezi sita iliyopita, hawana lazima ya kukupa muda wa kurekebisha.

Omba kwa maandishi, nawe utume kwa rejista, risiti uiweke. Bodi inapaswa kukusikiliza ndani ya siku 30 tangu uombe, na siku 10 kabla ya kikao ikupe ushahidi wote itakaoutumia. Isipokupa, una haki ya kikao kusogezwa siku 15. Sauti unaruhusiwa kurekodi. Nenda na picha zenye tarehe: ya mapipa ya taka yakiwa nyuma ya uzio, ya nyasi zilizokatwa. Maelezo ya mdomo, hata yawe matamu, hayaingii kwenye faili. Uliza pia sera ya faini. Tangu 2024 kila HOA inayotoza faini lazima iwe nayo kwa maandishi, pamoja na viwango. Faini isiyofuata viwango hivyo una pa kuishikia.

Kabla ya kupaka rangi au kujenga kibanda, peleka ombi lenye kadi ya rangi na namba yake, picha ya mbele ya nyumba, na ramani ya kiwanja yenye vipimo. Wakikataa, kwenye HOA yenye viwanja zaidi ya 40 lazima waandike sababu, nawe unaweza kukata rufaa kwa bodi ndani ya siku 30.

Yapo mambo ambayo HOA haiwezi kuyakataza hivi hivi. Ubao wa Ayatul Kursiy au msalaba mlangoni unalindwa na sheria ya jimbo. Vilevile mapipa ya kukinga maji ya mvua na, kwa masharti kadhaa, paneli za jua juu ya paa. Bendera zinazolindwa ni za Marekani, za Texas na za vikosi vya jeshi la Marekani. Ya Tanzania au Kenya haimo, hata kama ni AFCON.

Kosa baya kuliko yote ni kusema, "Wamenionea kwa faini, basi na ada silipi." Deni la faini peke yake, na gharama za wakili zinazotokana nayo, haliwezi kupeleka nyumba yako mnadani. Deni la ada linaweza, hata ukiwa umelipa mkopo wa benki bila kukosa mwezi. Kwa hiyo ugomvi wa faini upigane huku ada ikiendelea kulipwa. Pesa unayolipa, sheria inataka ianze kufuta ada. Faini huja karibu na mwisho kabisa.

Ukishindwa kulipa ada, omba kulipa kwa awamu. HOA yenye viwanja zaidi ya 14 lazima iwe na utaratibu huo, usiopungua miezi mitatu. Haibanwi kukupa zaidi ya 18. Usiombe awamu usizoziweza: ukivunja mpango, kwa miaka miwili wanaweza kukukatalia mwingine. Na nyumba ikishauzwa, bado unaweza kuikomboa ndani ya siku 180 tangu HOA ilipokutumia taarifa kwamba imeuzwa, ila utalipa deni, riba, mawakili na gharama za mnunuzi kwa mkupuo.

Mwenye kondo, yaani fleti anayoimiliki ndani ya jengo, asitumie hesabu hizi. Kondo zina sheria yake, Sura ya 82.