Hivi shule bado zinafundisha mwandiko au ndo tumeachiwa wazazi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tatu, kwenye tableti yuko vizuri kweli, anachapa haraka kuliko hata mimi, lakini mpe penseli sasa! Mwandiko hausomeki, b na d anachanganya, maneno yote anayagandisha pamoja. Mwalimu wake ananiambia nisiwe na presha, dunia ya sasa ni ya kompyuta. Hivi mwandiko bado unafundishwa kweli? – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mama. Unafundishwa, ila watu wanachanganya mambo mawili hapa. Kuna kuandika herufi moja moja, hiyo bado ipo, na kuna ule mwandiko wa kuunganisha herufi, huo ndo umepigwa panga sehemu nyingi. Ufini waliacha kuulazimisha 2016 wakaongeza kuchapa, basi ikavuma kwamba wamefuta kuandika kwa mkono, wakati watoto wa kule penseli wanashika kama kawaida. Marekani nako viwango vya masomo vya 2010 vilivyochukuliwa na majimbo mengi havikuutaja kabisa, halafu majimbo yakaanza kuurudisha moja moja, California wakapitisha sheria yao 2023.

Kwa hiyo somo lipo. Kilichopungua ni muda, na jicho la mwalimu. Mwalimu mwenye darasa limejaa anasahihisha kilichoandikwa, hana nafasi ya kuangalia mkono ulivyotembea, na tatizo la mwanao nadhani liko hapohapo. Chukua hizo b na d. b inaanza na mti, unashuka, halafu tumbo. d inaanza na tumbo, kama unaandika a, ndo unapandisha mti. Sasa mtoto anayeanza zote mbili na mti, akifika chini inabidi abahatishe tumbo liende kulia au kushoto, na siku zote atakosea nusu. Kwenye daftari huwezi kuliona hilo, lazima ukae pembeni yake umwangalie anavyoandika.

Hilo la "dunia ya kompyuta" mimi sikubaliani nalo, samahani kwa mwalimu mwenzangu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2012, watoto wa miaka 5 ambao hawajajua kusoma, herufi nyingine walizichora kwa mkono wenyewe, nyingine wakafuatisha alama, nyingine wakazibonyeza kwenye kibodi, halafu wakapimwa ubongo wakiwa wanaangalia herufi. Sehemu zinazotumika kusoma ziliamka zaidi kwa zile herufi walizochora wenyewe. Maelezo yao ni kwamba herufi ya mtoto kila mara inatoka tofauti, mara imepinda mara imenenepa, na humo humo ndo anajifunza kipi kinaifanya a iwe a. Kibodi inampa a ileile tu. Walikuwa watoto wachache, sawa, lakini kwa mtu aliyefundisha darasa la kwanza haishangazi hata kidogo.

Nyumbani usimpe kurasa kumi za kunakili kama adhabu, ataichukia penseli bure. Mpe imla, sentensi tatu nne tu kila jioni, kwenye karatasi yenye mistari mipana, kati ya neno na neno aweke kidole ndo aendelee. Wewe angalia mkono, sio karatasi. Tableti usimnyang'anye, haina kosa.

Halafu mpe aya ambayo hajawahi kuiona aisome kwa sauti. Akisoma vizuri ujue shida ni ya mkono, mazoezi yatatosha. Akikwama kwenye silabi, au anakisia neno kwa herufi ya kwanza, hapo mwandiko sio tatizo lenyewe, rudi kwa mwalimu uulizie kusoma kwake. Na kwa vile yuko darasa la tatu na b na d bado zinamsumbua, kapimisheni macho, mazoezi yakigoma omba aonwe na mtaalamu wa watoto wenye shida ya kujifunza, usisubiri afike la tano.