Dawa za Asili na Saratani: Mmeuliza, Tunajibu

Eti kuna dawa za saratani hospitalini zilizotokana na mitishamba?

Zipo. Mwaka 1952 mtafiti wa Kanada, Robert Noble, alipokea majani kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha na kunywa kutibu kisukari. Mmea wenyewe asili yake ni Madagaska. Alipowapa panya, sukari haikushuka, ila chembe nyeupe za damu zilipungua mno. Yeye na mwenzake Charles Beer waliifuatilia dalili hiyo hadi wakapata vinblastini, dawa ya saratani. Dawa ya jamii hiyo hiyo, vinkristini, hadi leo inatibu watoto wenye saratani ya damu.

Basi si nichemshe majani hayo mwenyewe?

Nakusihi usifanye hivyo. Vinkristini hupitishwa kwenye mshipa wa damu kwa dozi ya miligramu chache, na ikizidi huharibu mishipa ya fahamu. Majani ya sufuriani hayana kipimo.

Ushirikiano wa kimataifa katika kutafiti dawa za asili unatusaidia nini? Mimi naona tunaibiwa tu.

Nianze na faida. Miaka ya 1970, madaktari wa Harbin, China, walichukua arseniki, sumu iliyotumika katika tiba yao ya jadi, wakaipima kwa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu iliyokuwa ikiua upesi. Baadaye Zhu Chen wa Shanghai, pamoja na Hugues de Thé na Anne Dejean wa Paris, walisaidia kueleza jinsi inavyovunja protini inayoendesha ugonjwa huo. Leo, ikitumiwa pamoja na dawa inayotokana na vitamini A, wagonjwa wengi hupona, mara nyingi bila kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani. Wachina walikuwa na wagonjwa na uzoefu, Wafaransa wakaleta maabara zao. Kila upande ulihitaji mwenzake.

Lakini hofu yako ina msingi. Mimea imebebwa sana bila wenyeji kuulizwa. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyoanza kutumika 2014, inadai idhini kwanza na mgawanyo wa faida. Mwaka 2024 ukapitishwa mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ataje mmea na maarifa ya jadi vilitoka wapi. Kwangu hiyo haitoshi: mganga aliyetoa maarifa akae mezani tangu utafiti unapopangwa, na jina lake liandikwe.

Niko kwenye kemo na shangazi ameniletea mizizi. Nimwambie daktari?

Mwambie kabla hujaonja, na umpelekee mizizi yenyewe aione. Mmea uitwao Hypericum, ambao wengi hunywa kutuliza huzuni, hupunguza nguvu ya irinotekani, mojawapo ya dawa za kemo, mwilini. Miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliopewa mimea ya kupunguza uzito iliyochanganyika na Aristolochia, mmea wenye sumu, waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo.

Daktari akikufokea, muulize mfamasia wa wodi. Shangazi naye mshukuru, kisha mwombe akusindikize kliniki.