Kifaransa changu kimetoka kwenye katuni, tena kwenye kitabu kilichochanika

Mkuu mleta uzi, umesema una miezi minane unajifunza Kifaransa kwenye simu, unajua kusema tofaa ni jekundu na paka anakunywa maziwa, lakini Mfaransa akifungua mdomo unabaki umemtolea macho. Rafiki yako kakwambia usome katuni, na wewe unaona kakutania, mtu mzima na ndevu zako ushike vitabu vya watoto. Shika tu. Mimi natembeza watalii hapa Bagamoyo, na Kifaransa kinachonipa ugali kimetoka humo.

Nilianzia pabaya. Mgeni mmoja aliniachia riwaya nene, nikaivamia na kamusi, jioni nzima naambulia ukurasa mmoja. Vitenzi vyangu vya wakati uliopita niliviokota humo. Basi siku moja niko na wageni pale misheni, ile iliyoanzishwa na mapadri Wafaransa mwaka 1868 (yaani lugha yenyewe ilishatia nanga hapa kabla babu yangu hajazaliwa), tumesimama chini ya mnara ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Nikawatangazia kwa sauti kwamba Livingstone "mourut" mwaka 1873, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao "portèrent" mwili hadi pwani. Wakasikiliza kwa adabu. Mzee mmoja akaniambia taratibu: kijana, unaongea kama kitabu. Nikafurahi, nikadhani nasifiwa! Kumbe ile ni namna ya wakati uliopita ambayo Wafaransa wanaiandika lakini hawaisemi. Mdomoni wanasema "est mort", "ont porté". Ni kama mtu aende sokoni alfajiri amwambie muuza samaki, "Ewe mchuuzi, naam, nipimie dagaa." Atapimiwa, ila watu watageuka kumwangalia.

Katuni haina shida hiyo, kwa sababu karibu yote ni maneno ya mdomoni. Watu wanaitana, wanabishana, wanakimbia, wanaomba chai. Familia moja ilipoondoka iliniachia vitabu viwili vya Tintin, yule mwandishi wa habari kijana aliyebuniwa na Mbelgiji Hergé mwaka 1929, anayezunguka dunia na mbwa wake mweupe, Milou. Kimoja kizima, kingine kimeng'oka kurasa za mwisho. Nikawa nakwenda navyo ufukweni, nakaa kwenye kivuli cha jahazi lililopandishwa kutengenezwa, nasubiri wageni.

Kinachosaidia ni picha kukufungia maana isitoroke. Jamaa kajigonga, nyota zinamzunguka kichwani, kwenye kiputo, kile kiduara cha maneno, kumeandikwa "Aïe!" Kamusi ya nini hapo? Umeshajua Mfaransa akiumia halii "mama wee". Mlango ukigongwa utaona "toc toc", na ndani mtu anajibu "Entrez". Kwao mkono unagonga mlango na neno linatoka kwa aliye ndani; sisi neno linatangulia, hodi, ndiyo mambo mengine yafuate. Kitu kidogo hicho, lakini kimekaa kichwani mwangu hadi leo, na hakuna programu ya simu iliyowahi kuniambia.

Halafu kuna wale wapelelezi wawili wanaofanana kama vifuu, Dupond na Dupont. Mmoja akisema jambo, mwenzake anadakia "je dirais même plus", yaani "mimi nasema hata zaidi ya hapo", kisha anarudia lilelile kwa kulipindua kidogo. Kwa msomaji wa kawaida ni kichekesho. Kwa anayejifunza ni mwalimu wa bure, maana unapewa sentensi moja mara mbili.

Nilivyosoma: mara ya kwanza picha tu, kamusi siigusi, hata nisipoelewa nusu. Mara ya pili na maneno. Mara ya tatu nakata kipande cha karatasi, naziba kiputo, naangalia uso wa mtu na mikono yake, nasema kwa sauti mimi ningesema nini pale. Ndipo naondoa karatasi. Mwanzoni nilikuwa nakosa vyote. Kuna kijana fundi wa majahazi alikuwa ananiangalia naongea na karatasi, akaniuliza kama nimeanza dawa za kienyeji. Nilikirudia kitabu kimoja hivyo mpaka jalada likaachia. Wengi wanakosea hapa: wanatafuta vitabu ishirini, wanasoma kila kimoja mara moja. Bora kimoja ukimalize hadi kikujue jina.

Adabu nayo imo, ukiiangalia. Tintin akiongea na Milou anatumia "tu", wewe wa kawaida. Akiongea na Kapteni Haddock, rafiki yake wa kufa na kuzikana, anatumia "vous", ile "nyinyi" ya heshima kwa mtu mmoja. Kwetu pwani jambo hili halina ugumu, tumekua na shikamoo. Kila ukiona mtu mpya kwenye ukurasa jiulize anaitwa "tu" au "vous", na kwa nini.

Ila usibebe kila neno. Alikuja mwanafunzi wa Kizungu hapa, Kiswahili chake kakiokota kwenye magazeti yetu ya vibonzo. Kijana mzuri, msikivu. Nikampeleka nyumbani, Dunda, akamkuta bibi anachambua mchele barazani. Akamwambia, "Oyaa bibi, inakuwaje mshkaji?" Bibi akaendelea na mchele. Baadaye akaniuliza, "Huyu kafundishwa na nani, makonda?" Sentensi haikuwa na kosa hata moja, kosa lilikuwa kuisema mbele ya bibi.

Na kitabu cha Tintin kinachohusu Kongo, mkuu, ukikipata kiruke. Mimi nilikisoma na kikanichefua. Kilitoka mwaka 1931 na watu weusi wamechorwa humo kwa dharau. Hata ukijikaza useme unatafuta lugha tu, hao Wakongo wamewekewa Kifaransa kilichovunjwa makusudi, vitenzi havinyambuliwi. Utachukua matusi na sarufi mbovu kwa pamoja.

Asterix, katuni nyingine ya Kifaransa, wacha kwanza. Ni mtamu, lakini umejaa michezo ya maneno hadi kwenye majina ya watu, na utakaa hapo hujui wenzako wanacheka nini. Katuni za siku hizi zitakufaa ukishapata msingi, maana ndizo zinazoonyesha Mfaransa anavyokula maneno: "je ne sais pas" inakuwa "j'sais pas", "il y a" inabaki "y a". Na aliyeuliza hapo juu kama njia hii inafaa kwa Kijapani: manga (katuni za Kijapani) nyingi za vijana huweka herufi ndogo za matamshi pembeni ya zile herufi ngumu, hiyo ni nafuu kubwa. Unasoma kuanzia kulia. Lakini kumbuka yaliyompata mgeni wa bibi yangu, mashujaa wa humo wengi wanaongea kwa ubabe.

Sasa shida yako hasa, masikio. Hapa katuni peke yake haitoshi. Kiputo hakina sauti. Mimi nilikaa miezi natamka "ils parlent" na ile "-ent" yake yote, na "beaucoup" na "p" yake, kwa sababu nimeiona imeandikwa. Dawa niliyoipata: nikiwa na mgeni mpole, tukimaliza matembezi, namwomba anisomee ukurasa mmoja, namrekodi kwenye simu. Dakika mbili tu. Usiku naweka kitabu mbele, naisikiliza, kidole kinapita kiputo kwa kiputo. Hapo ndipo niligundua nusu ya herufi za Kifaransa ni abiria, hazifanyi kazi yoyote. Kama huna wageni huko uliko, tafuta mtu Alliance Française pale Dar, au yeyote aliyetoka Kongo au Burundi na Kifaransa chake.

Aliyenisomea wa kwanza nilimpata kwa aibu. Mama wa Kifaransa, umri wa bibi yangu, nilimpeleka Kaole kuona magofu. Karibu na ule mbuyu mkubwa nikajikwaa kwenye mzizi, na kabla sijajua nafanya nini nikapiga kelele "Mille sabords!" Ndiyo laana ya Kapteni Haddock. "Sabord" ni tundu la ubavuni mwa meli linalotolea mzinga, kwa hiyo nilikuwa nimeapa kwa matundu elfu ya mizinga, mimi mtoto wa Dunda, mbele ya mama wa watu. Alicheka hadi akashika mbuyu.

Tulipokaa kupumzika nikatoa kitabu kwenye mkoba, kile kilichochanika. Nikamweleza kwamba mwisho wake siujui, nimeutunga mwenyewe mara tatu, na nikamsimulia zote tatu. Akanisomea ukurasa wa mwisho uliobaki. Kisha akafunga kitabu na kunisimulia zilizong'oka kwa kichwa, picha baada ya picha, mikono ikienda huku na huku, bila kupunguza kasi. Mwisho wa kweli haukufanana na hata mmoja wa kwangu. Tumefika kwenye bajaji ndipo nikashtuka kwamba sikumwomba arudie hata neno moja.