Bibi Anamtuliza, Sabufa Inamrusha: Muziki na Mwenendo wa Mtoto Mdogo

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 4. Tumepanga Uyole, jirani na kinyozi ambaye sabufa yake hulia tangu asubuhi hadi usiku, na zaidi hupigwa singeli. Jioni ikifika, mtoto hurukaruka, hurusha vitu na kumsukuma mdogo wake, na kumlaza ni kazi kubwa. Tulipokwenda Tukuyu mwezi wa sita, bibi yake alimpakata jikoni karibu na moto, akamwimbia kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mwanangu haielewi, naye akasinzia upesi. Mama mkwe huyohuyo sasa anasema muziki unamharibu mtoto na kwamba niuzuie wote. Je, ni kweli?
Mama wa watoto wawili, Mbeya

JIBU: Mama mkwe wako ameona jambo la kweli, ila amesahau kwamba yeye mwenyewe alimtuliza mjukuu wake kwa muziki. Mapigo ya singeli mara nyingi huzidi 200 kwa dakika, ilhali moyo wa mtoto wa umri huo aliyetulia hupiga takriban mara 100. Mtu mzima huweza kuusikia mdundo huo akaendelea kukaa kitini, lakini mtoto wa miaka 4, ambaye uwezo wake wa kujizuia bado unakua, huufuata kwa mwili mzima. Hicho si kiburi, na nakuomba usimwadhibu kwa sababu hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo pengine lina uzito kuliko singeli yenyewe, nalo ni usingizi. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku. Ikiwa sabufa inamweka macho hadi saa nne usiku na anaamshwa saa kumi na mbili asubuhi kwenda chekechea, atashinda na hasira hata kama muziki uliomkesheza ulikuwa wa kwaya.

Ama kuhusu bibi kuimba kwa lugha isiyoeleweka, watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walieleza mwaka 2015 jinsi walivyowasikilizisha watoto wa miezi 6 hadi 9 sauti za Kituruki, lugha ngeni kwao. Waliosikia kuimba walikaa kwa wastani wa dakika 9 hivi kabla ya kuanza kulalamika, na waliosikia maneno ya kawaida walidumu dakika 4 tu. Kinachotuliza, basi, si maana ya maneno, bali mwendo wa taratibu unaojirudia hadi mtoto akajua kinachofuata. Kwa bibi kuliongezeka joto la mwili na kifua kinachopanda na kushuka, mambo ambayo hakuna spika inayoweza kuyatoa.

Kwa hiyo usiuzime muziki. Ubadilishe, utoke kwa mtu badala ya spika. Huko Leipzig, Ujerumani, utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto wa miaka 4 waliocheza pamoja kwa wimbo na ala walisaidiana zaidi baadaye kuliko waliocheza mchezo kama huo bila muziki. Kila jioni cheza naye pamoja na mdogo wake kwa dakika kumi, mkipiga makofi kwa kasi anayoitaka, kisha mshuke polepole, maana mtoto aliyepandishwa na mdundo hatulii kwa kuamriwa tu. Malizia kwa wimbo mmoja, uleule kila usiku. Mwombe mama mkwe akufundishe ule wa Kinyakyusa.

Naye kinyozi mwendee kwa heshima, umwombe apunguze sauti kuanzia saa moja jioni. Akikataa, mjulishe mwenyekiti wa mtaa. Ikiwa mlangoni kwako unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hizo zinaweza kuyadhuru masikio ya mtoto. Akianza kutoitika anapoitwa, mpeleke hospitali apimwe usikivu.

SWALI: Mke wangu ana mimba ya miezi 7. Nimeshauriwa nimwekee muziki wa Mozart tumboni ili mtoto azaliwe na akili nyingi. Ninunue spika?
Baba mtarajiwa, Njombe

JIBU: Usinunue. Imani hiyo ilitokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 1993, ambapo wanafunzi 36 wa chuo kikuu walimsikiliza Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo katika mafumbo ya maumbo, na faida hiyo ikatoweka baada ya robo saa hivi. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Mtoto wa miezi 7 tumboni anasikia tayari, na sauti inayomfikia vizuri kuliko zote ni ya mama yake, ambayo ataitambua mara tu baada ya kuzaliwa. Mkeo na aimbe anapopika, nawe uitikie.