Msasa hauongezi maji kwenye koili

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Kibirizi, Kigoma. Nakeneka maji ya betri, wateja wangu ni wavuvi wa dagaa wanaotumia taa za betri. Mvuke unapita kwenye koili ya kopa (shaba) ya nusu inchi iliyozama kwenye ndoo ya lita 20. Mwanzo maji yanatoka vizuri, ila nikifikisha kama lita moja na nusu, mvuke mtupu unaanza kutoka mdomoni mwa bomba. Nataka kukunja koili mpya. Fundi mmoja kaniambia kwanza nivute msasa mkali ndani ya bomba ili mvuke upate pa kushika. Kijana mwingine anauza dawa ya kupaka ndani, anasema ni teknolojia ya jani lisiloloa. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Usifuate lolote, na huo msasa mrudishie mwenyewe.

Hili la "mvuke upate pa kushika" nimelisikia mpaka masikio yamechoka. Mtu kasikia kwamba wataalamu wanatengeneza nyuso zenye vinundu na mifereji ili mvuke ugeuke maji haraka, basi akachukua msasa. Chuma jani la gimbi, limwagie maji: yanakimbia kama shanga zilizokatika uzi. Jani hilo lina vinundu vidogo mno ambavyo jicho halivioni, na juu ya vinundu kuna nta. Kila mtu anasimulia vinundu, nta hawaitaji. Mmarekani Robert Wenzel alilieleza jambo hili mwaka 1936: uso kuparuzwa hakuupi tabia mpya, kunazidisha ile uliyo nayo. Unaokataa maji utayakataa zaidi. Unaoyapenda utayapenda zaidi, na kopa safi inayapenda. Ukiipiga msasa, maji yatajaa kwenye mikwaruzo na kukaa humo humo.

Na maji kukaa ndiyo shida yenyewe. Ndani ya bomba lako mvuke ukishageuka maji hutanda ukutani kama utando, na utando huo ni blanketi: shaba hupitisha joto mara 600 hivi kuliko maji. Mwaka 1930 Wajerumani Schmidt na wenzake walionyesha kwamba kwenye uso usioloa mvuke hutua kwa matone. Tone linakua, linateleza, linafagia mengine njiani, ukuta unabaki wazi kwa mvuke unaofuata. Upande huo wa mvuke joto linaweza kupita mara 5 hadi 10 zaidi ya kwenye utando. Hapo muuza dawa wako hakosei.

Anakosea kwenye lile jani. Mvua huliangukia jani kutoka juu, lakini mvuke huzaliwa maji katikati ya vinundu, chini kabisa, kwa hiyo tone linakuta limeshanasa. Jani la yungiyungi la Asia, ambalo ndilo lililoleta sifa zote hizi, lilipojaribiwa kwa mvuke mwaka 2005, maji yaliling'ang'ania. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani walipata mafanikio mwaka 2013 kwa shaba iliyooteshwa vijembe vidogo visivyoonekana kwa macho na kupakwa tabaka la kukataa maji. Matone mawili yakiungana yanaruka yenyewe kutoka ukutani! Faida ilikuwa kama asilimia 30 juu ya nyuso nzuri za kawaida zisizoloa, tena mvuke ukitua polepole. Ukizidi, uso unafurika na unakuwa mbaya kuliko usiofanyiwa kitu. Wewe unachemsha pipa kwa mkaa. Hilo tabaka litamenyuka lini, na litaishia kwenye betri ya nani?

(Kuna mifereji inayosaidia kweli hata kwenye shaba inayoloa. Mtafiti Gregorig alieleza mwaka 1954 jinsi maji yanavyovutwa kutoka kwenye kingo hadi mferejini, kingo zikabaki na utando mwembamba. Lakini mifereji hiyo huchongwa kiwandani kwa vipimo.)

Sasa ndoo yako. Mvuke wa kukupa lita moja ya maji, ukigeuka maji na kupoa, unamwaga joto la karibu kilojuli 2,500. Ndoo ya lita 20 iliyoanza nyuzi 26 itapanda kama nyuzi 30 kwa kila lita unayokusanya. Ukifika lita moja na nusu ndoo iko nyuzi 70 na kitu, na mvuke wako una nyuzi 97 tu kwa mwinuko wetu wa hapa ziwani. Utapoa kwa nini? Koili haina kosa, yaliyochoka ni maji ya kupozea. Inua juu pipa jingine la lita 200 la maji baridi, leta maji kwa mpira hadi chini ya ndoo, yale ya moto yatoke juu. Ukitaka lita mbili kwa saa, pitisha kama lita 50 kwa saa. Hayo ya moto jazia nayo pipa la kuchemshia, mkaa utapungua. Koili mpya ishuke moja kwa moja bila kubonyea popote, na ile gamba nyeupe inayoganda juu yake ioshe kwa siki.

Msasa pia ungekuachia unga wa shaba ndani ya bomba, na shaba ikiingia kwenye betri, betri inaisha chaji ikiwa imekaa tu.

Lakini kinachoninyima usingizi si msasa. Ni njia za mkato zinazokuja nao. Nimekuta mtu kaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa "mvuke usipotee", pipa linavimba motoni na watoto wamelizunguka. Nimekuta radieta kuukuu za gari zikitumika badala ya koili, kwa maji ya kunywa na kwa kile kinywaji kingine ambacho hakuna anayeniandikia barua kukiulizia. Radieta za zamani zimeungwa kwa risasi, na risasi inaingia kwenye kila tone linalopita. Haina ladha wala harufu. Huwezi kuichemsha ikatoka, wala kuichuja kwa kitambaa. Wewe umeandika koili ya kopa, ila hukusema viungo vyake vimechomelewa kwa nini. Kama ni soda ya redio, yaani lehemu, ambayo nayo mara nyingi ina risasi, usimpe mtu maji hayo anywe, hata akikuomba kikombe kimoja.