Bikoni ikae mwilini, isiachwe garini: jibu kwa mnaokwenda kutafuta dhahabu Leonora

Ndugu mleta mada, mnakwenda Leonora, huko Australia Magharibi, na umeuliza ditekta ipi mkodi, yaani kile kifaa cha kusaka dhahabu ardhini, mpige kambi wapi, kama gari la kukodi la kawaida litafika, na mkipata dhahabu mtaiuza kwa nani. Mimi nilikuwa napita tu kusoma, hadi nilipofika kwenye ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kana kwamba ni jambo dogo, kwamba simu na bikoni ya dharura, kile kifaa kidogo cha kuwaita waokoaji kupitia satelaiti, mtaziacha garini ili zisiisumbue ditekta, na kwamba hamna wasiwasi kwa sababu hamtakwenda mbali na gari. Habari ya ditekta iache kwanza. Sentensi hiyo ndiyo iliyonilaza hospitali mjini Kalgoorlie nikiwa na dripu mkononi, na mimi niliambiwa karibu maneno hayo hayo, kiasi kwamba nashuku wewe na mimi tumefundishwa na mtu mmoja.

Aliyenifundisha mimi ni bwana mmoja wa hapa Perth, mtu wa kwetu, ambaye hakuna harusi wala msiba anaoukosa, na kila akikaa mkekani hasimulii lingine ila maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, aliyoshuka Geita kule Tanzania na dhahabu iliyopita mikononi mwake. Sibishi kwamba Geita alikuwepo. Ninachobisha ni kwamba Geita ilimfundisha lolote kuhusu nchi hii, maana yeye mwenyewe, kama nilivyokuja kugundua nikiwa nimeshachelewa, alikuwa amefika Leonora mara moja tu kabla ya kunipeleka mimi, na siku hiyo alikuwa abiria.

Alinipa sababu mbili za kuiacha bikoni garini, na zote mbili aliziongea kwa sauti ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Ya kwanza ni hiyo yako, kwamba vifaa vya umeme huisumbua ditekta. Hapo kuna ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaoua, kwa sababu mtu hauhoji. Ditekta za dhahabu hupeleka mapigo ya umeme ardhini kupitia koili, ile sahani ya waya iliyo ncha ya chini, na kusikiliza kinachorudi, kwa hiyo simu iliyowashwa ikikaribia koili inaweza kukujazia kelele masikioni. Lakini bikoni isiyowashwa haitoi chochote. Imelala. Inaanza kutoa mawimbi pale tu unapofungua antena yake na kubonyeza kitufe. Kuiogopa bikoni iliyozimwa ni kuogopa kivuli. Na hata simu, kuizima na kuiweka mfuko wa nyuma hakuhitaji shahada.

Sababu yake ya pili ilikuwa kwamba nikiibonyeza kwa bahati mbaya nitalipishwa helikopta. Huu ni uongo mtupu, na ndio ulionitia hofu kuliko wa kwanza, kwa kuwa sisi wageni tukisikia neno bili tunaingia baridi. Mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, AMSA, ambayo kituo chake cha uokoaji cha Canberra ndicho kinachopokea mawimbi ya bikoni hizi hata zikiwashwa katikati ya jangwa, inasema wazi kwamba aliyewasha bila kukusudia haadhibiwi, bali anatakiwa aizime na awapigie simu haraka ili wasitume watu bure. Basi. Mimi nilikuwa na kifaa kilichonunuliwa kwa fedha yangu, chenye GPS ndani yake, ambacho kingewaonyesha waokoaji nilipo ndani ya dakika chache, nacho kikashinda na kulala kwenye kisanduku cha dashibodi, juu ya miwani ya jua na risiti za mafuta.

Sasa nikueleze namna mtu anavyopotea bila kwenda mbali, kwa sababu nyote mnadhani kupotea ni kazi ya watu wazembe. Nchi ile ni tambarare, udongo mwekundu umetandikwa kokoto nyeusi za chuma, na miti yake mikuu ni mulga, ambayo ni jamii ya migunga yetu, imesimama kwa urefu wa mtu na kidogo zaidi, ikifanana pande zote. Hakuna mlima wa kuulenga. Unavaa spika za masikioni, unainamisha kichwa, unapeleka koili kushoto na kulia karibu kabisa na ardhi, na kuanzia hapo huongozwi tena na macho bali na masikio. Mlio ukilia unapiga hatua kuufuata, ukizimika unarudi, ukilia pembeni unageuka. Baada ya nusu saa huna habari umegeuka mara ngapi.

Siku yangu ilianza kwa misumari ya zamani, ambayo sururu yenye sumaku kichwani huidaka yenyewe ukiikokota kwenye udongo uliochimbwa. Kisha ukaja mlio laini, wa chini, ambao sumaku haikuushika. Nilichota udongo kwa kikombe cha plastiki, nikaupitisha juu ya koili, ukalia. Nikaumwaga nusu, nikaupitisha tena, ukalia. Niliendelea kuupunguza hivyo hivyo mpaka kiganjani ikabaki punje moja yenye ukubwa wa mtama, ya njano, isiyong'aa hata kidogo kama watu wanavyodhani. Nami nikapoteza akili. Nilikwenda kwenye mlio unaofuata, na unaofuata, nikijiambia kwamba gari liko pale pale nyuma yangu. Nilipoinua kichwa kumwita mwenzangu, yaani huyo huyo mwalimu wangu, gari halikuwepo, mwenzangu hakuwepo, na nyuma yangu palikuwa sawasawa na mbele yangu.

Hapo likaja somo la tatu la mwalimu wangu. Alikuwa ameniambia kwamba nikipotea nilifuate jua la adhuhuri, kwa sababu mwishoni mwa Oktoba jua huwa upande wa kusini, na barabara ya vumbi tuliyoingilia ilikuwa kusini kwetu. Kwa Geita maneno haya ni kweli. Lakini Leonora iko zaidi ya nyuzi 28 kusini mwa ikweta, chini ya Tropiki ya Kaprikoni, mstari ambao jua la utosini halivuki kwenda kusini zaidi, na mahali kama hapo jua la adhuhuri linakuwa kaskazini mwaka mzima, Januari hadi Desemba, bila kuuliza mtu katoka nchi gani. Kwa hiyo nililifuata jua kwa utiifu mkubwa, katika joto lile, nikiwa na chupa moja ndogo ya maji, na kila hatua ilinipeleka mbali zaidi na barabara. Mtu asinicheke. Nimeshajicheka mwenyewe, na wauguzi nao walichukua zamu yao.

Kulala porini sitakusimulia sana. Maji yaliisha kabla jua halijazama, midomo ikapasuka, na usiku, baada ya joto lote lile, nilitetemeka kwa baridi. Asubuhi alinikuta mfanyakazi wa ranchi aliyekuwa akikagua maji ya ng'ombe kwa pikipiki, tena alinikuta kwa bahati, hakuwa ananitafuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitafuta. Mwenzangu hakuwa ametoa taarifa kokote. Alipoulizwa na polisi kwa nini alilala garini kwa amani huku bikoni yangu ikiwa mbele ya magoti yake, alijibu kwamba alidhani nimegonga dhahabu nyingi na nimejificha ili nisigawane naye. Nawaombeni msome tena sentensi hiyo. Huyo ndiye aliyekuwa mpango wangu wote wa usalama. Figo zilichukua muda kurudi sawa, zamu za kazi zilipotea, na ile punje ya dhahabu haikufika hata gramu moja.

Nadhani kosa la kina bwana yule ni kuibeba Geita kichwani. Kwenye machimbo ya kwetu mtu hawezi kutoweka robo saa bila kuulizwa, kwani pana mama lishe anayekudai, pana bodaboda, pana wenzako wa duara moja. Leonora imo umbali wa takriban kilomita 830 kutoka Perth, na ukitoka mjini ukaingia ranchini unaweza kushinda siku nzima bila kuona vumbi la gari lingine. Usitegemee hata kisima, kwa kuwa maji mengi ya ardhini katika ukanda ule yana chumvi. Dhahabu ilipogunduliwa Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka 1893, watu walilazimika kuchemsha maji ya chumvi na kukusanya mvuke wake ndipo wanywe, na tabu hiyo haikwisha hadi mwaka 1903, yalipofika maji ya bomba lililoanzia Mundaring, karibu na Perth, zaidi ya kilomita 500. Hao walikuwa wachimbaji wa kazi. Wewe unakwenda wikiendi na majokofu mawili ya plastiki.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na sitaki kuijadili: ditekta haiwashwi kabla bikoni haijafungwa mwilini. Nasema mwilini, sisemi kwenye begi, kwa sababu begi hutuliwa chini ya mti wakati wa kuchimba na mti huo hauuoni tena. Ikae kwenye mkanda au kwenye kamba za kifuani, mahali ambapo mkono wowote ule unaifikia, kwani mkono mmoja unaweza kuwa ndio uliovunjika. Kila mmoja wenu awe na yake, maana mnaweza kutengana. Ukiihitaji, kaa mahali pa wazi, simamisha antena iangalie mbingu, bonyeza, kisha usiondoke hapo. Imetengenezwa kutuma mawimbi kwa muda usiopungua saa 24 kwenda kwenye satelaiti kupitia masafa ya megahezi 406, na haijali kama mtandao wa simu upo au haupo. Pamoja nayo beba lita kadhaa za maji mgongoni, ukijua kwamba akiba ya garini inatakiwa iwe angalau lita 10 kwa mtu kwa siku, na uiwekee alama nafasi ya gari kwenye GPS kabla hujapiga hatua ya kwanza. Ukiona huna uhakika gari liko wapi, vua spika, kaa kivulini, piga filimbi, usitembee. Mimi nilitembea.

Mtaniambia mnaogopa zaidi nyoka na maduara ya zamani. Ogopeni, ni haki yenu. Nyoka wa rangi ya kahawia wapo, na aliyeumwa hufungwa bandeji ya kubana kiungo kizima, hachanjwi, haoshwi jeraha, na hatakiwi kutembea hata hatua moja. Sasa ikiwa bikoni iko garini, ni nani atakayekwenda kuichukua? Maduara ya tangu miaka ya 1890 yamejaa kule, mengine yamefunikwa na magugu na mbao zilizooza, na aliyetumbukia hapandi kurudi garini. Kila hatari unayoitaja inakurudisha kwenye mkanda wa kiuno.

Kuhusu kambi, msilale kwenye mkondo mkavu wa mto hata mchanga wake ukipendeza vipi, na msikae karibu na maji ya mifugo, kwa kuwa ng'ombe wakiwaona hawasogei kunywa. Mjulisheni mwenye ranchi, na kila geti liacheni mlivyolikuta. Kibali kinachoitwa Miner's Right ni lazima, na hakikuruhusu kuingia kwenye leseni ya uchimbaji ya mtu bila idhini yake, wala kwenye leseni ya utafiti ya kampuni bila kibali kingine cha ziada, kwa hiyo angalieni ramani ya leseni ya idara ya madini ya jimbo kabla ya kuondoka. Gari la kukodi, soma mkataba, kwani mingi hukataza barabara za vumbi, na likikwama mbaki nalo, kwani gari huonekana kutoka angani kabla ya mtu.

Ditekta wataalamu wa humu watakujibu, wapo wanaoipenda mada hiyo kuliko watoto wao. Mimi nakuomba kabla ya Ijumaa uisajili bikoni AMSA, kwa kuwa ni bure na hufanywa mtandaoni, na kama ni ya kukodi hakikisha aliyekukodisha ameandika safari yenu. Fomu inakuuliza majina ya watu wa kupigiwa simu ikiwashwa. Hapo andika mtu anayebaki Perth, mwenye kupokea simu usiku, anayejua namba ya gari lenu, ranchi mnayoingia na siku mnayorudi. Usiandike jina la yule unayekwenda naye, hata kama amekuapia kwamba Geita nzima inamjua.